Manganizi Ameonekana

Karani wa ofisi ya maji alikuwa mvivu, na hilo halikuwa siri. Kilichokuwa hakijulikani ni kwamba uvivu wa mtu mmoja unaweza kumpeleka mwingine rumande. Aliambiwa aandike tangazo kwamba kwenye visima vya kando ya mto imeonekana manganizi, yale madini meusi yanayotoka mchangani na kuyeyukia kwenye maji. Badala ya kukaa chini akaandika jambo jipya, alichukua tangazo la zamani kuhusu fahali fulani aliyevunja uzio wa visima akaingia kunywa. Akafuta neno fahali, akaweka manganizi, akarekebisha hapa na pale, akagonga muhuri, akaenda zake kunywa chai.

Asubuhi tangazo lilikuwa ukutani, limeandikwa hivi: Manganizi ameonekana katika visima vya kando ya mto. Amezidi kiwango. Watoto wachanga wasikutane naye. Ofisi inamshughulikia.

Ilitakiwa iwe imeonekana. Herufi moja tu, jamani, i badala ya a. Madini ni kitu, na kitu hakisemwi ameonekana. Hata mtoto anayejifunza kuongea hasemi kiti ameanguka. Lakini muhuri ulikuwa wa bluu, umekolea, na watu wa mji ule walikuwa na adabu mbele ya muhuri.

Mmoja wa waliolisoma mapema alikuwa dobi, mwanamke wa makamo mwenye mikono mikubwa, aliyekuwa akipeleka furushi la shuka za zahanati. Alisoma, akacheka kidogo kwa lile kosa, kisha akafurahi. Alikuwa na sababu. Kwa muda mrefu maji ya bomba yalikuwa yakimuumbua. Yalitoka meupe pe, ukayatia dawa ya kung'arisha nguo yanageuka rangi ya chai ya rangi, ukaongeza dawa yanazidi kuwa meusi. Shuka iliyoingia ikiwa nyeupe ilitoka na mabaka, na wateja wakaanza kusema kwamba yule mama anafulia mtaroni. Yule bibie wa maabara, aliyekuwa akija na chupa zake kuchota maji, alimweleza vizuri: visima vinavuta maji ya mto kupitia mchanga, lakini sakafu ya mto imefunikwa na tope lililooza, kwa hiyo maji yanapita chini bila hewa, na maji yasiyo na hewa huiyeyusha manganizi iliyo mchangani. Yakija kukutana na hewa, au na dawa ya dobi, weusi unajitokeza.

"Kwa hiyo mimi sina kosa," dobi alimwambia siku ile.

"Huna, dada. Wala dawa yako haina kosa. Inafichua tu."

Basi dobi alipoona ofisi imekiri kwa muhuri wake, aliona mambo yamekwisha. Angejua yanayokuja, angelichana lile tangazo akalitafuna.

Kufika adhuhuri mji mzima ulikuwa unamtafuta Manganizi. Wengine walisema ni mrefu, wengine walisema ni mfupi mwenye kovu. Fundi cherehani wa kona aliapa kwamba alisoma naye, na hata utotoni alikuwa na tabia ya kuzidi kiwango. Kina mama waliwafungia watoto wachanga ndani wasikutane naye, wakawa wanawachanganyia maziwa kwa maji yaleyale ya bomba. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Wanaume wakachukua fimbo wakaelekea visimani.

Visimani alikuwapo mhudumu wa pampu, na mhudumu wa pampu alikuwa mume wa dobi. Mji mzima ulimwita Redio. Hakuitwa hivyo kwa sababu anayo redio. Mtu yule alikuwa akiongea kuanzia anapofungua macho mpaka anapoyafumba, anaongea na pampu, anaongea na mabomba, na mtu akikosekana anajijibu mwenyewe. Mkewe alikuwa akilalamika, lakini siku Redio akichelewa kurudi, nyumba ilimshinda kukaa. Alifua vibaya siku hizo.

Wale wanaume walimkuta akisugua chujio la pampu, mikono imejaa utelezi mweusi hadi kwenye viwiko. Mkubwa wao akauliza, "Manganizi yupo hapa?"

Mtu mwingine angeuliza, Manganizi gani? Lakini huyu alikuwa Redio, na Redio alishasoma tangazo, akaliona ni utani mtamu wa kuongezea chumvi.

"Yupo," akasema. "Wala hajifichi. Namjua huyo kuliko mnavyowajua wake zenu. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemwamsha huko chini, namvuta juu, nawaletea majumbani. Mnaoga naye, mnapika naye, na usiku mnalala mkiwa naye tumboni."

Mdomo uliponza kichwa. Walimfikisha kituoni bado anaongea.

Dobi aliletewa habari akiwa anakamua foronya. Aliyeileta alikuwa wifi yake, dada wa Redio, aliyeingia uani ameshika kichwa kama aliyefiwa.

"Wifi, kaka yangu amekamatwa. Wanasema yeye ndiye Manganizi."

"Manganizi ni madini, wifi. Yako kwenye maji."

Wifi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatafakari. "Mimi ni dada yake wa toka nitoke na sikujua. Lakini wewe, wifi, umelala naye kitanda kimoja miaka yote. Kweli hukuona dalili?"

Dobi aliitupa foronya ndani ya beseni maji yakaruka ukutani. Alisikia hasira, na chini ya hasira alisikia woga, kwa sababu kama dada wa mtu anaweza kuamini, basi nani atakataa? Alitaka jambo moja tu duniani: mumewe arudi nyumbani na jina lake, si na jina la madini. Akafuta mikono, akachukua beseni, shuka moja, na chupa ya dawa, akaenda kituoni.

Afande wa zamu alikuwa mtu mpole mwenye tumbo, anayependa mambo yaende kwa utaratibu. Alimkaribisha kiti.

"Afande, mmemkamata mtu asiye na kosa. Mume wangu si Manganizi."

"Sawa, mama. Sasa Manganizi yuko wapi?"

"Ndani ya maji."

"Mtu akae ndani ya maji tangu lini?"

"Si mtu, baba. Ni madini."

Afande akatoa nakala ya tangazo mezani, akaipapasa kwa kiganja. "Hapa wameandika ameonekana. Nimesoma shule mimi, mama. Ingekuwa kitu wangesema imeonekana. Halafu wamesema ofisi inamshughulikia. Wewe ukishughulikia kiti, unasema namshughulikia?"

Dobi akaona maneno hayasaidii. Akaenda kwenye bomba la kituo, akajaza beseni. Maji yalikuwa safi, unaona hadi chini. "Tazama," akasema, akamimina dawa. Maji yakaanza kuwa ya manjano, yakawa ya kahawia, yakawa meusi. Akachovya shuka, akaitoa na mabaka yake. "Unaona, afande? Mume wangu yuko rumande, mlango umefungwa, ufunguo unao wewe. Na maji bado ni meusi. Sasa amefanyaje?"

Aliona hapo amemshika pabaya. Afande alisogeza kiti nyuma.

"Yaani yuko ndani," akasema polepole, "mlango umefungwa, na bado anaweza kufanya haya?"

"Afande."

"Je, tukimwachia?"

Akaita mwenzake, wakaongeza kufuli la pili. Dobi alitoka pale na beseni lake kichwani, anatamani kumpiga mtu na hajui aanze na nani.

Akaenda kwa Meneja wa maji. Meneja alikuwa msomi, mwenye suti ya kijivu na dirisha linalotazama mto. Huyu hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomuumiza dobi zaidi. Alimsikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Ni kweli kabisa, mama. Manganizi ni madini. Karani alikosea."

"Basi andika tangazo jingine, baba. Badilisha hiyo herufi, mume wangu arudi."

Meneja akavua miwani. "Nisikilize kama mwanangu... samahani, kama dada yangu. Nikisema imeonekana, hicho ni kitu. Kitu kinahitaji mtambo wa kukichuja. Mtambo haumo kwenye mipango ya mwaka huu wala ujao. Watu watasema, Meneja, mtambo uko wapi? Lakini nikisema ameonekana, huyo ni mtu, na mtu anahitaji polisi. Polisi tunao."

"Lakini maji ni meusi."

"Na mhalifu yuko ndani. Unaona tulivyo mbele?"

Dobi alimtazama. Alikuwa amezoea madoa ya kila aina, ya damu, ya kutu, ya mafuta, na kila doa alijua dawa yake. Hili dawa yake hakuijua. Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu maishani.

Kumbe huku rumande mambo yalikuwa yamechukua sura nyingine. Siku za mwanzo Redio alikana, akaapa, akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini, maana ni nani mwingine angejua mambo ya Manganizi kwa undani vile? Mwishowe alichoka. Afande alipomuuliza kwa upole, kwa mara ya kumi sijui ya ngapi, "Lakini bwana, utatoka lini kwenye visima vyetu?" Redio alijibu kwa hasira, "Nitatoka mkinijengea ngazi!"

Afande akachukua kalamu. "Ngazi za namna gani?"

Redio akamtazama, na kwa mara ya kwanza akafikiri kabla ya kufungua mdomo. Akakumbuka maneno ya bibie wa maabara: maji yamwagwe kwenye ngazi za zege yaanguke ngazi kwa ngazi yapate hewa, halafu yatulie, halafu yapite kwenye tangi la mchanga. Akayasema yote, na alipokosea afande alimsubiri ajisahihishe.

Dobi alipokuja na sahani ya chakula alikuta mumewe ameletewa kiti chenye mto. Nje ya dirisha kuna foleni ya watu wanaotaka kumwomba.

"Wanasema umekubali," alimwambia. "Mimi nazunguka mji mzima nasema si wewe, wananicheka, na wewe umekaa kwenye mto unakubali?"

"Njoo hapa, mke wangu. Keti. Yule bibie amewaandikia mara ngapi kuhusu hewa na mchanga? Kila mara wanampa soda, wanamshukuru, wanamfungulia mlango. Mimi nimewaambia mpaka sauti imekauka, wanasema Redio hiyo, izime. Sasa nimekuwa Manganizi, Meneja amekuja mwenyewe. Amekuja na fundi wa zege. Hana fungu la mtambo, lakini kumbe lipo fungu la kukidhi matakwa ya mhalifu. Halijaguswa tangu lianzishwe."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo maji yanakuwa meupe, kila mtu anaona ni zile ngazi na ule mchanga, tunacheka, narudi nyumbani unanipikia."

"Wamekwambia hivyo?"

Redio akakwepa macho yake. "Wamesema tu kwamba maji yakitakata, Manganizi aondoke mjini asionekane tena. Lakini hayo ni maneno ya kwenye karatasi, mke wangu. Mtu gani mwenye akili ataona mtambo pale, aseme ni mimi?"

Dobi alikuwa ameishi na watu wenye akili wiki zile, na alijua wanachoweza. Alimwangalia mumewe akila, anaongea huku anatafuna, anaeleza kokoto zinavyopangwa chini na mchanga juu, na alitamani kumwambia, kana, rudi kwenye kukana, acha maji yabaki meusi. Maneno yalimfika mdomoni. Kisha akasikia mtoto mchanga analia kwenye ile foleni nje, akayameza.

Wakajenga. Tuwe wakweli, walijenga vizuri, kwa sababu mtu hujenga vizuri anapoogopa. Bibie wa maabara alisimamia kila zege lililomwagwa, na kila alipotaka kitu alisema, "Manganizi hatakubali bila hiki," wakakileta. Maji yakapandishwa, yakaanguka ngazi kwa ngazi yakitoa povu, yakapita mchangani, yakaingia mabombani.

Siku hiyo dobi alijaza beseni uani kwake. Akatia dawa. Akasubiri. Maji yakabaki maji. Akaongeza dawa, akakoroga kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, hakuna kitu. Akachovya shuka, akaifikicha, akaisuuza, akaikung'uta juu ya kamba, na shuka ikawaka juani mpaka akafumba macho. Kwa kitambo kidogo alikuwa dobi tu, na furaha ya dobi ikampanda mpaka akacheka peke yake. Halafu akasikia vigelegele kutoka upande wa kituo.

Alikimbia na kanga yake yenye maji. Alimkuta afande mlangoni, anatoa machozi ya furaha.

"Ametoka, mama! Tumempa alichotaka, akatoka, na maji yametakata. Siku zote ulituambia si yeye. Sasa umeona mwenyewe. Asingekuwa yeye, maji yangetakataje?"

"Ni mtambo, afande."

"Mtambo alioutaka nani?"

Redio alikuwa ameshavushwa daraja. Walimpeleka kwa heshima, wengine wakimpungia, na mlinzi akawekwa hapo asirudi.

Dobi akaenda kwa Meneja kwa mara ya mwisho. Hakuketi. "Andika imeondoka," akasema. "Sikuombi kingine. Andika manganizi imeondoka, mume wangu avuke arudi."

Meneja hakumcheka, hilo lazima lisemwe. Alikuwa na haya usoni. "Dada yangu, nikiandika imeondoka, wataniuliza ni nani tuliyemfungia muda wote huu. Na fungu lile lilitumika kwa nani? Ninachoweza ni kumsifu. Nimeandika kwamba ameondoka kwa hiari na kwa ustaarabu." Akamsogezea tangazo jipya. Muhuri ulikuwa bado haujakauka.

Aliporudi nyumbani, uani palikuwa pamejaa. Zahanati imeleta shuka zake zote, shule imeleta sare, hata yule fundi cherehani aliyesoma na Manganizi ameleta suruali nyeupe. Wifi yake alikuwa anawapanga kwenye mstari. Kazi ilikuwa imerudi, kazi tele, na kila mtu akimwita mama kwa sauti tamu. Dobi alisimama katikati ya mafurushi. Nyumba ilikuwa kimya mpaka masikio yanauma.

Akaingia ndani, akafunga nguo zake na za mumewe kwenye furushi moja.

"Wifi, unakwenda wapi?" wifi akauliza. "Na hizi nguo za watu?"

"Maji ni safi sasa. Mtu yeyote anaweza kufua."

Darajani mlinzi alikuwa kijana mgeni, hamjui. Akanyoosha mkono. "Simama, mama. Kuvuka huko kuna amri. Wewe ni nani?"

Angeweza kusema yeye ni dobi. Angeweza kusema anatafuta sabuni. Alikuwa amesimama mbele ya wanaume wengi mji ule akisema sentensi moja ileile, mpaka ulimi ukaota sugu, na haikumfungulia hata mlango mmoja.

"Mimi ni mke wa Manganizi," akasema.

Kijana akarudi nyuma hatua, akavua kofia, akampisha.

Ng'ambo ya pili alimkuta mumewe amekaa kwenye ukingo wa mtaro, mikono imelala magotini. Alikuwa haongei. Hakuongea alipomwona, wala alipotua furushi, wala alipoketi karibu yake bega kwa bega. Dobi alingoja, kwa sababu hakujua kukaa na mtu huyu akiwa kimya, hakuwahi kufundishwa.

Mwisho Redio akauliza, kwa sauti ndogo, "Shuka zimetokaje?"

"Nyeupe."

"Kabisa?"

"Kabisa, mume wangu. Hakuna hata doa."

Redio akaitikia kwa kichwa, akainama, akalia kama mtoto, na mkewe akamfuta uso kwa kanga ambayo bado ilikuwa na maji ya mji ule.